Swichi chini ya dashibodi: uliza haya kabla fundi hajatoboa

Mama mmoja msomaji wetu wa Kiboriloni ameleta swali ambalo kwa haraka unaweza kusema si la ukurasa wa familia. Mumewe amenunua Land Cruiser iliyokuwa ikibeba watalii. Sasa anataka fundi amtengenezee paneli ya swichi chini ya dashibodi: moja ya taa za ukungu, moja ya friji ndogo, moja ya kuchajia simu na moja ya taa ya watoto siti za nyuma. Krismasi wanapanda Rombo kwa bibi, na bibi anatumia insulini. Mtoto wao wa mwisho ana miaka minne. Mama anataka kujua kama kazi hiyo ina hatari kwa watoto, au ni mambo ya wanaume na magari yao tu.

Dada yangu, kazi yenyewe ni nzuri. Anayejua barabara za kupanda Kibosho, Old Moshi au Rombo wakati ukungu umeshuka hawezi kumlaumu mzee kwa kutaka taa za ziada. Hatari ipo, lakini haiko kwenye zile swichi zinazong'aa utakazoonyeshwa siku ya kuchukua gari. Iko kwenye waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye swichi, sehemu ambayo mzazi haoni na wengi hatuulizi. Waya huo ukikosa fyuzi mahali panapotakiwa, umewafungia watoto jiko chini ya miguu yao.

Ndiyo maana leo nazungumzia gereji kwenye ukurasa wa afya. Kuungua ni ajali inayomwachia mtoto kovu na maumivu ya miaka, na kwa sehemu kubwa inazuilika.

“Si ni volti 12 tu?”

Hili ndilo jibu utakalolipata ukianza kuuliza maswali. Ni kweli kwamba volti 12 za gari hazikurushi kama umeme wa nyumbani. Ukishika ncha mbili za betri kwa vidole vikavu, husikii kitu. Lakini kurusha ni jambo moja na kuchoma ni jambo lingine.

Betri ya gari imetengenezwa ili izungushe injini nzito ya dizeli asubuhi ya baridi. Ili ifanye hivyo, inaweza kutoa mamia ya ampia kwa mkupuo. Sasa chukua waya mwembamba wa taa, uchubuke na kugusa bodi ya gari. Umeme wote huo unakimbilia kwenye waya ule mmoja. Kwa sekunde chache waya unakuwa mwekundu, plastiki yake inayeyuka, na kilicho jirani kinashika moto: zulia, sponji, waya nyingine. Hicho ndicho mafundi wanachokiita shoti.

Fikiria pia gari lenyewe linaishi wapi. Linapita kwenye barabara za vumbi zenye matuta madogo madogo yanayotikisa kila skrubu. Linapigwa na mvua za masika na vuli. Likilala nje, panya nao wanaingia kwenye boneti. Waya uliopitishwa kwenye tundu la bati bila raba, bati lile linaufanya kama msumeno. Haukatiki siku ya kwanza. Unaliwa kidogo kidogo, labda mwaka mzima, halafu unagusa bati usiku mkiwa njiani na watoto wamelala.

Fyuzi inalinda waya

Wengi tunadhani fyuzi imewekwa ili taa au redio isiungue. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Umeme ukizidi kiasi ambacho waya unaweza kubeba, fyuzi inakatika yenyewe kabla waya haujapata moto.

Kutokana na hilo tunapata kanuni mbili ambazo mzazi yeyote anaweza kuzikagua kwa macho, hata kama hajawahi kushika spana.

Kwanza, fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20 hivi kutoka kwenye kichwa cha betri. Kuna mafundi wanaoweka fyuzi nzuri kabisa nyuma ya paneli, ndani ya gari. Hizo ni sawa kwa kila swichi, lakini waya mrefu unaotoka kwenye betri, unaopita kando ya injini yenye joto na kuvuka bati la mbele, unabaki hauna mlinzi. Ukichubuka hapo katikati, fyuzi za ndani haziwezi kusaidia, kwa sababu umeme haujazifikia.

Pili, ukubwa wa fyuzi ufuate unene wa waya. Kwa waya wa 1.5, fyuzi isizidi ampia 10. Kwa waya wa 2.5, ampia 15 inatosha. Kwa waya mkuu wa 6 unaolisha paneli nzima, 30. Rangi zitakusaidia kukagua: fyuzi bapa za kawaida za ampia 10 ni nyekundu, 15 ni bluu, 20 ni njano na 30 ni kijani. Ukiona kijani imechomekwa kwenye waya mwembamba kama wa earphone, simamisha kazi.

Na fyuzi ikikatika, usikubali ibadilishwe na kubwa zaidi “ili isisumbue”. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inakuambia kuna tatizo. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara au uzi wa waya badala ya fyuzi ni sawa na kutokuwa na fyuzi kabisa.

Hesabu ya kila swichi

Hesabu yake ni ya darasa la saba: wati gawanya kwa volti, unapata ampia. Tuchukue orodha ya msomaji wetu.

Taa mbili za ukungu za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa 12, unapata ampia 9 na kitu. Huo ni mzigo mkubwa kuupitisha kwenye swichi ndogo iliyo karibu na goti lako. Hapa fundi aweke rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme: kidole chako kinapitisha umeme mdogo sana, usiofika hata nusu ampia, halafu rilei iliyo mbele kwenye injini ndiyo inayobeba mzigo wa taa. Waya wa 2.5, fyuzi ya 15, kazi imekwisha.

Friji ndogo ya gari ya wati 50 hivi inakula ampia 4 na kitu ikiwa inafanya kazi. Lakini iko nyuma kabisa, na safari ndefu kwenye waya mwembamba inapunguza nguvu ya umeme. Waya wake uwe mnene, wa 4 ni mzuri, na fyuzi iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha friji.

Chaja ya simu ya matundu mawili haizidi ampia 3, hivyo fyuzi ya 5 inatosha. Taa ya LED ya watoto haifiki hata ampia moja.

Kama mzee ataongeza kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani ili watoto waangalie katuni, hicho kisipite kwenye paneli kabisa. Cha wati 300 kikibebeshwa mzigo wote kinavuta zaidi ya ampia 25. Kinahitaji waya wake mnene na fyuzi yake kutoka kwenye betri. Kumbuka pia kwamba kinachotoka upande wa pili ni volti 230, na hizo zinaua. Kifungwe mahali ambapo vidole vya mtoto havifiki.

Jambo moja zaidi kuhusu magari yaliyostaafu utalii. Mengi yamepitia mikono ya mafundi wengi: redio ya mawasiliano, chaja za kila siti, friji, taa za juu. Vifaa vimeng'olewa, waya zimebaki, nyingine bado zina umeme na ncha zimefungwa tepu nyeusi iliyokwisha kulegea. Kabla ya kuongeza kitu kipya, mlipe fundi aondoe vya zamani visivyotumika. Apime pia kama gari ni la volti 12 au 24, maana baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili zilizounganishwa kutoa 24, na kifaa cha 12 kitaungua humo.

Goti la dereva, mkono wa mtoto

Sasa tuje kwenye paneli yenyewe. Mafundi wengi hukunja bati la aluminiamu, wakatoboa matundu na kuning'iniza chini ya dashibodi. Inapendeza. Lakini gari likigonga kwa mbele, mwili unaendelea kwenda mbele hata ukiwa umefunga mkanda, na magoti ndiyo yanayofika kwenye dashibodi kwanza. Kona kali ya bati mahali hapo inaweza kupasua goti, na pigo la goti linaweza kuvunja paja au kutegua nyonga.

Kwa hiyo paneli isikae mbele ya magoti ya dereva wala ya abiria wa mbele. Mahali pazuri ni katikati, chini ya redio, au kwenye nafasi zile zilizoachwa wazi na kiwanda kwa ajili ya swichi za ziada. Kona ziviringishwe, na paneli iingie ndani badala ya kuchomoza. Swichi bapa za kubonyeza ni bora kuliko zile za vijiti vya chuma. Waya za nyuma zifungwe juu kwa klipu, usiachwe hata mmoja unaoweza kuning'inia ukanasa kwenye pedeli ya breki.

Kama gari lina mifuko ya hewa, fundi asiguse waya zake. Kwa kawaida plagi zake ni za njano. Asitoboe popote kabla hajaangalia kuna nini nyuma.

Kuhusu mtoto wa miaka minne: mahali pake ni siti ya nyuma, kwenye kiti chake. Hata hivyo gari likiwa limesimama nyumbani atapanda mbele, atashika usukani na kubonyeza kila kinachobonyezeka. Ndiyo watoto. Dawa yake ni swichi mama moja, inayozima paneli yote, iliyofichwa mahali ambapo yeye hafiki. Andika pia jina la kila swichi kwa maandishi yanayosomeka usiku, ili dereva asipapase akitafuta taa huku macho yametoka barabarani.

Friji ya insulini

Hapa ndipo paneli inapogusa afya ya bibi moja kwa moja. Insulini ambayo haijafunguliwa inatunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ile ambayo bibi ameshaanza kuitumia, kwa aina nyingi inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi au muulize mfamasia. Isiyofaa kabisa ni kuiacha kwenye gari lililofungwa juani. Mkisimama kula Same au Himo mchana, ndani ya gari joto linavuka nyuzi 40 kwa urahisi.

Kama friji inabeba dawa, mwambie fundi mambo matatu. Friji iwe na mstari wake wenye fyuzi yake, usiopita kwenye swichi mama, ili mtoto au dereva asiizime kwa bahati mbaya. Iwe na kitaa kidogo kinachoonekana mbele kuonyesha kwamba ina umeme. Na kinga ya betri ya friji, ambayo friji nyingi za aina hii zinayo kwa ngazi tatu, iwekwe ngazi ya juu, ili izime kabla haijamaliza betri. Gari likikataa kuwaka usiku Tarakea, huna dawa baridi na huna gari.

Weka kipimajoto kidogo ndani, na dawa isigusane na ukuta wa friji. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Itupwe, bibi asichome.

Dalili ambazo si za kuvumilia

Gari litakuonya. Harufu ya plastiki inayoungua ambayo inakuja na kupotea. Swichi au waya wenye joto ukiushika. Taa zinazofifia ukiwasha kitu kingine. Fyuzi moja inayokatika kila wiki. Usiseme “tutaangalia baada ya sikukuu.” Zima kifaa hicho, toa fyuzi yake, nenda kwa fundi.

Ukiona moshi mkiwa njiani, simama pembeni, zima injini na watoe watoto wote kwanza, mizigo baadaye. Sogeeni mbali, upande ambao moshi hauendi. Moshi wa plastiki na sponji una sumu, na mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anavuta nyingi kwa muda mfupi. Kama moshi unatoka kwenye boneti, usiifungue wazi, utaulisha moto hewa. Piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji. Lakini tuwe wakweli: ukiwa juu migombani, gari la zimamoto lina safari ndefu kukufikia. Mtungi wako mdogo wa unga ndio msaada wa dakika ya kwanza, na uwe karibu na siti ya dereva, si chini ya magunia ya mchele.

Mtoto akiungua

Maji safi ya bomba, baridi ya kawaida, yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Si dakika mbili. Njiani tumia maji ya chupa au ya dumu, mimina polepole. Vua nguo, bangili na viatu vilivyo karibu na jeraha kabla hapajavimba, ila usibandue nguo iliyoganda kwenye ngozi. Sehemu nyingine ya mwili ifunike, hasa mkiwa kwenye baridi ya juu, maana mtoto mdogo anapoteza joto haraka. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi.

Usipake dawa ya meno, ute wa yai, mafuta ya kupikia, chumvi wala unga. Vinashikilia joto, vinaleta maambukizi, na daktari atalazimika kuvikwangua huku mtoto analia. Barafu nayo hapana, inaumiza ngozi zaidi.

Mpeleke hospitali mtoto yeyote ambaye jeraha lake ni kubwa kuliko kiganja chake, au liko usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri. Mpeleke pia kama amevuta moshi, ana masizi puani au sauti imekwaruza, hata kama ngozi yake ni nzima. Mjini tuna KCMC na Mawenzi. Huko juu kuna Huruma kwa watu wa Rombo, Kilema, Kibosho na Machame. Nendeni iliyo karibu kwanza. Mkihitaji kupelekwa mbele, wao watawapeleka.

Maswali saba ya kwenda nayo gereji

Mpige picha ukurasa huu au uuhifadhi kwenye simu, halafu muulize fundi kwa heshima kabla hajaanza. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Mara nyingi atafurahi kukuonyesha.

1. Fyuzi kuu itakaa wapi, na ni umbali gani kutoka kwenye betri?
2. Kila swichi ina fyuzi yake? Ya ampia ngapi, na waya wa unene gani?
3. Taa kubwa zina rilei?
4. Waya zinapovuka bati, zimewekewa raba? Zimevishwa bomba la plastiki na kufungwa?
5. Waya wa hasi umefungwa kwenye bati safi lililokwanguliwa rangi, kwa bolti iliyokaza?
6. Umeme umetoka kwenye betri moja kwa moja, au umedokolewa kwenye waya wa redio au wa taa nyingine?
7. Paneli inagusa goti la nani?

Na wakati wa kazi, watoto wabaki nyumbani. Betri inapochajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja, na maji yake ni asidi. Yakiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 na kwenda hospitali bila kuchelewa.

Fundi akimaliza, msiondoke saa ile ile. Washeni injini, washeni vyote kwa pamoja, mkae nusu saa. Kisha mzee apapase waya moja baada ya nyingine nyuma ya paneli na mbele kwenye injini. Waya ukiwa na uvuguvugu wa kawaida wa injini, sawa. Ukiwa wa moto kuliko wenzake, kazi haijaisha na malipo ya mwisho yasubiri. Wiki moja baadaye, baada ya kupita kwenye barabara mbaya, rudini akaze tena kila kichwa cha waya.

Kwa hiyo, dada wa Kiboriloni, mwambie mzee aendelee na paneli yake. Raba chache, fyuzi za rangi sahihi na waya wa unene unaostahili ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na taa zenyewe. Fanyeni kazi hiyo sasa, wakati mafundi hawajazidiwa na magari ya watu wanaokuja kula sikukuu nyumbani. Mkifika Rombo, bibi apate insulini yake ikiwa salama, na wajukuu washuke wakiwa wazima.

Tukutane wiki ijayo.